Jina la dawa iliyokudhuru lisibaki ng'ambo ya mpaka

Kipindi cha afya. Mada ya leo: mzio mkali wakati wa usingizi na ganzi

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Tunakusalimu popote ulipo: wewe uliye Nyarugusu, uliye Kakuma, uliye Nakivale na Kyangwali, na wewe uliyebaki nyumbani Uvira, Bukavu, Goma au Bujumbura. Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu. Leo utavihitaji.

Leo tunazungumzia dawa zinazotolewa ili mgonjwa alale, atulie au asisikie maumivu wakati anapofanyiwa upasuaji, anaposhonwa kidonda, anapong'olewa jino au anaporudishiwa mfupa ulioteguka. Wengine huita nusukaputi, wengine sindano ya usingizi, wengine ganzi. Mara chache, mwili wa mtu huzikataa dawa hizi kwa nguvu, na ndani ya dakika chache maisha yake huwa hatarini. Huo ndio mzio mkali. Wapo wanaouita aleji.

Kwa nini jambo hili likuhusu wewe uliyevuka mpaka? Kwa sababu faili lako la hospitali halikuvuka pamoja nawe. Daktari aliyekutibu miaka mitano iliyopita hayupo. Anayekuhudumia leo hakujui, na pengine hata lugha aliyoandikia mwenzake haisomi. Mtu pekee anayeweza kumwambia kilichotokea ni wewe mwenyewe, au ndugu yako.

(Muziki mfupi)

MZIO MKALI NI NINI?

Mwili una walinzi wake. Kazi yao ni kutambua adui, kama vile kijidudu, na kupambana naye. Kwa baadhi ya watu, walinzi hao hukosea. Wanaiona dawa isiyo na ubaya wowote na kuihesabu kuwa adui. Mara ya kwanza mwili hutengeneza kingamwili maalumu za kuikumbuka dawa ile, na mara nyingi mtu hahisi chochote. Dawa inaporudi, hata kwa kiasi kidogo, kingamwili zile huamsha seli ambazo humwaga kemikali kwa wingi mwilini. Moja ya kemikali hizo inaitwa histamini.

Histamini na wenzake hufanya mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, hulegeza mishipa ya damu na kuifanya ivuje, hivyo presha hushuka ghafla. Pili, hubana njia za hewa, hivyo kifua hutoa mlio kama filimbi na pumzi hukatika. Tatu, huivimbisha ngozi, midomo, ulimi na koo, na kuleta mabaka yanayowasha.

Jambo hili liligunduliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1902, wanasayansi wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakiwachoma mbwa sumu ya kiumbe wa baharini. Walitarajia kwamba dozi ya kwanza ingewakinga. Mbwa aliyevumilia dozi ya kwanza, akachomwa tena kidogo tu baada ya wiki kadhaa, alikufa kwa muda mfupi. Richet alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Tangu hapo tunajua kwamba kuvumilia dawa mara ya kwanza si ahadi kwamba utaivumilia mara ya pili.

Lakini je, inawezekana mtu akapata mzio mara ya kwanza tu anapolazwa usingizi? Ndiyo. Huenda mwili wake ulikwisha kukutana na kitu kinachofanana na dawa hiyo mahali pengine. Mfano mmoja ni dawa ya kikohozi yenye folkodini. Mwezi Desemba 2022, wakala wa dawa wa Umoja wa Ulaya ulipendekeza iondolewe sokoni, kwa kuwa waliowahi kuitumia walionekana kuwa katika hatari zaidi ya kupata mzio wa dawa za kulegeza misuli wanapolazwa usingizi.

(Muziki mfupi)

JE, NI DAWA YA USINGIZI KWELI?

Hapa, msikilizaji, sikiliza vizuri, maana watu wengi hukosea. Mtu akipatwa na mzio katika chumba cha upasuaji, familia husema, "Ni ile sindano ya usingizi." Mara nyingi siyo.

Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji hupewa vitu vingi kwa muda mfupi. Hupewa dawa ya kumlaza, dawa ya kulegeza misuli, dawa ya maumivu na antibayotiki ya kuzuia kidonda kisioze. Ngozi yake hupakwa dawa ya kuua vijidudu. Wanaomhudumia huvaa glavu za mpira. Chochote kati ya hivi chaweza kuwa chanzo.

Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali za umma za Uingereza, na kutangazwa mwaka 2018, ulikuta kwamba mzio wa kutishia maisha ulimpata takriban mgonjwa mmoja kati ya 10,000 waliopewa dawa za usingizi au ganzi. Kesi zilizochunguzwa zilikuwa 266, na wagonjwa 10 kati ya hao walifariki. Chanzo kilichoongoza kilikuwa antibayotiki. Cha pili kilikuwa dawa za kulegeza misuli, kama suksametoniamu na rokuroniamu. Cha tatu kilikuwa klorheksidini, ile dawa ya kusafishia ngozi. Dawa zenyewe za kulaza na kutuliza, kama propofoli, ketamini, diazepamu na midazolamu, ni nadra sana kuwa chanzo. Lidokeini, ganzi inayochomwa kwa jino au kidonda, nayo ni nadra.

Kwa hiyo mambo mawili yanafuata. La kwanza: usikimbie upasuaji unaohitaji kwa hofu ya sindano. Mama aliyekwama katika uchungu, au mtoto ambaye utumbo wake umejifunga, yuko katika hatari kubwa zaidi asipopasuliwa. La pili: ukipatwa na mzio, usiridhike na maneno "dawa ya usingizi". Uliza majina ya vyote ulivyopewa.

(Muziki mfupi)

YASIYO MZIO

Yapo mambo yanayosumbua baada ya dawa hizi ambayo si mzio. Ni vyema uyajue.

Kutapika na kutetemeka kwa baridi baada ya kuamka si mzio. Ni mambo ya kawaida na hupita.

Kuona ndoto za ajabu, kuongea ovyo au kuhisi unaelea baada ya ketamini si mzio, wala si mapepo. Ndivyo dawa hiyo inavyofanya kazi katika ubongo.

Kuwashwa pua na uso baada ya mofini au pethidini, bila dalili nyingine, kwa kawaida si mzio.

Kuumwa kichwa siku moja au mbili baada ya ganzi ya mgongoni si mzio, ila urudi ukaonwe. Presha kushuka mara tu baada ya ganzi hiyo pia hutokea kwa wengi, na mara nyingi ni kazi ya ganzi yenyewe.

Moyo kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano ya jino mara nyingi husababishwa na adrenalini iliyochanganywa humo, au ni woga tu.

Kwa nini tunasisitiza hili? Katika vituo vingi vya afya vilivyo mbali na mji, ketamini ndiyo dawa kuu ya kulaza mgonjwa, na mara nyingine ndiyo pekee iliyopo. Ukiandikiwa kimakosa kwamba una mzio wa ketamini kwa sababu tu uliota ndoto mbaya, siku ya dharura daktari atasita kuitumia. Atatafuta nyingine, hatapata, na muda utakuwa unakwenda. Neno "mzio" likiandikwa pasipostahili linaweza kuua, kama vile lisipoandikwa panapostahili.

(Muziki mfupi)

MAMA KATIKA MLANGO WA CHUMBA CHA UPASUAJI

Sasa tusikilize mfano. Ni igizo fupi tu, lakini mazungumzo kama haya hutokea.

MUUGUZI: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu.

MUUGUZI: Kabla hatujaingia, nina maswali machache. Umewahi kudhurika na dawa yoyote?

MAMA: Ndiyo. Bactrim. Walinipa kule Bukavu. Nikavimba midomo, nikashindwa kupumua. Walinilaza siku mbili.

MUUGUZI: Ahsante kwa kuniambia. Na Septrin, umewahi kutumia?

MAMA: Septrin siijui. Wanasema ni dawa ya huku.

MUUGUZI: Mama, Bactrim na Septrin ni dawa moja. Makopo tu ndiyo tofauti. Jina lake halisi ni kotrimoksazoli. Nitaliandika hapa juu ya faili lako, kwa wino mwekundu. Usikubali kupewa kwa jina lolote kati ya hayo matatu.

MAMA: Kumbe! Nilidhani hatari nimeiacha kule.

(Muziki mfupi)

MTANGAZAJI: Umesikia, msikilizaji? Upande wa Kongo na Burundi, watu wengi wameizoea Bactrim. Upande wa Tanzania, Kenya na Uganda, wengi wameizoea Septrin. Mtu anaweza kuukimbia mzio mmoja na kuukuta tena ng'ambo, umevaa jina jingine. Valium nayo ni jina la biashara. Dawa yenyewe ni diazepamu.

Jina halisi ndilo linalovuka mpaka. Na hapa kuna habari njema: majina halisi yanafanana sana katika Kifaransa na Kiingereza. Muuguzi aliyesoma kwa Kifaransa na muuguzi aliyesoma kwa Kiingereza wote wataitambua ketamini, wote wataitambua amoksisilini. Kinachotakiwa ni wewe kuwa nalo, limeandikwa, linasomeka.

(Muziki mfupi)

DALILI NA MATIBABU

Kwa mtu aliye macho, dalili hizi huja haraka baada ya dawa, mara nyingi ndani ya dakika chache: kuwashwa mwili mzima, mabaka, kuvimba uso au ulimi, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, na hisia kwamba jambo baya linakuja. Mgonjwa akisema, "Nasikia vibaya, nakufa," asipuuzwe.

Kwa mtu aliyelala usingizi wa dawa mambo ni tofauti. Hawezi kusema. Amefunikwa mashuka, ngozi haionekani. Katika ule uchunguzi wa Uingereza, ishara ya kwanza iliyoonekana mara nyingi zaidi ilikuwa presha kushuka, si vipele. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hakai mbali na mgonjwa, na ndiyo maana mashine ya presha haiondolewi mkononi. Ukiona anapimwa kila baada ya dakika chache, usidhani ni usumbufu. Huo ndio ulinzi wake.

Dawa ya kwanza ya mzio mkali ni moja: adrenalini. Hukaza mishipa ya damu, hufungua njia za hewa na hutia moyo nguvu. Haina bei kubwa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa wahudumu wa afya mnaotusikiliza: mtu mzima huchomwa nusu miligramu, yaani nusu mililita ya adrenalini ya 1:1000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kama hali haijatengemaa baada ya dakika 5, rudia. Mtoto hupimiwa kwa uzito: miligramu 0.01 kwa kila kilo, bila kuzidi nusu miligramu. Kuichoma ndani ya mshipa ni kazi ya aliyefundishwa, anayemtazama mgonjwa kwenye mashine. Acha kutoa dawa inayoshukiwa, toa oksijeni, weka dripu ya maji ya chumvi na uite msaada. Haidrokotisoni na dawa za kuzuia mwasho hazichukui nafasi ya adrenalini. Kuzitoa kwanza na kusubiri ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Kwa ndugu wa mgonjwa: mlaze chali, mwinue miguu. Kama anahangaika kupumua, mwache akae, miguu ikiwa imenyooka. Mjamzito alale kwa ubavu wa kushoto. Aliyezimia au anayetapika alale kwa ubavu. Usimsimamishe ghafla wala kumtembeza hata akisema amepata nafuu, kwa sababu presha ikiwa chini, kusimama peke yake kunaweza kuusimamisha moyo.

Nafuu ikija, bado msiondoke. Mzio unaweza kurudi baada ya saa kadhaa bila dawa kutolewa tena. Mgonjwa akae chini ya uangalizi mpaka daktari amruhusu.

Kuna neno jingine hapa. Sindano ya dukani au ya nyumbani kwa jirani ni rahisi, lakini jiulize: pale kuna adrenalini? Kuna anayejua kuitumia? Kama jibu ni hapana, usichome pale. Na popote uchomwapo sindano, usikimbilie nyumbani. Kaa karibu na muuguzi kama nusu saa.

(Muziki mfupi)

KARATASI YA MISTARI MITANO

Sasa chukua ile kalamu. Kama wewe, mtoto wako au mzazi wako aliwahi kupatwa na mzio mkali, andika mistari mitano.

Wa kwanza: jina halisi la dawa, pamoja na jina la kopo kama unalijua. Kama dawa zilikuwa kadhaa na haijulikani ni ipi, ziandike zote.

Wa pili: mwaka, na mwezi kama unaukumbuka.

Wa tatu: hospitali au kituo, na mji.

Wa nne: ulichohisi, na baada ya muda gani. Andika, kwa mfano, "Nilivimba ulimi na kuzimia baada ya dakika tano." Maneno "ilinikataa" hayamtoshi daktari.

Wa tano: ulivyotibiwa. Ulichomwa adrenalini? Ulilazwa siku ngapi?

Pengine utasema, "Faili limeungua, kituo kimefungwa, jina silikumbuki." Basi andika unachokumbuka. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, ikaingia kwenye mshipa, ukalala mara moja? Huenda ilikuwa propofoli. Ilikuwa unga uliochanganywa na maji? Huenda ilikuwa antibayotiki. Ulikuwa macho, miguu imekufa ganzi, ukisikia mtoto akilia? Hiyo ilikuwa ganzi ya mgongoni. Haya si ushahidi, ila ni njia ya kumsaidia daktari kufikiri. Mweleze pia uliyopewa baadaye bila kudhurika, maana hayo nayo humsaidia.

Kama mzio unatokea leo, usitoke hospitalini bila karatasi. Omba kwa heshima: "Daktari, naomba niandikiwe dawa zote nilizopewa na ile mnayoishuku." Ni haki yako. Vipimo vya ngozi vya kutafuta chanzo hufanyika katika baadhi ya hospitali kubwa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 baada ya tukio. Usijaribu kujipima mwenyewe kwa kumeza kidogo ili uone.

Karatasi hiyo ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki, iweke pamoja na hati yako ya ukimbizi au kitambulisho. Ipige picha kwa simu. Kisha mpe nakala mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu siku ya dharura huenda usiweze kusema.

Na ukiwa mbele ya mtaalamu wa usingizi, mwambie mambo manne bila kuulizwa: dawa iliyokudhuru, kama una pumu, dawa unazotumia kila siku, hasa za presha, na kama kuna ndugu wa damu aliyefariki, aliyepandwa na joto kali au aliyechelewa sana kuamka baada ya dawa ya usingizi. Hili la mwisho si mzio. Yapo matatizo mengine ya dawa za usingizi yanayorithiwa, na mtaalamu akijua mapema hubadilisha dawa.

Usione aibu kuyasema, wala usiogope kwamba utanyimwa matibabu. Mara nyingi ipo dawa nyingine. Mtaalamu aliyeambiwa huandaa nyingine, na huweka adrenalini karibu.

(Muziki unapanda, kisha unashuka)

Msikilizaji, kazi ya leo ni ndogo. Kabla hujalala, waulize walio nyumbani mwako, wazee kwanza: "Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Inaitwaje?" Bibi asiyejua kusoma anaweza kuwa na jibu linaloweza kumwokoa. Mwandikie.

Wiki ijayo tutazungumzia jinsi ya kutunza kidonda cha upasuaji nyumbani. Wahudumu wa afya mnaokusanya wasikilizaji wa kipindi hiki, tafadhali njooni na bahasha za plastiki, tuone ni karatasi ngapi zimeandikwa. Kwaherini, na Mungu awatunze.

(Muziki wa kufunga)